Mrija wa Lalla Yezza

Mtoto alizaliwa alfajiri ya Jumanne akiwa mwekundu kama watoto wengine, na ilipofika saa nne asubuhi alikuwa amegeuka manjano mpaka kwenye nyayo. Mkunga alimfungua nguo, akamtazama kwenye mwanga wa dirisha, akamfunga tena upesi. Damu yake hakumpa mtu aipeleke maabara. Aliipeleka mwenyewe.

"Tuda," alisema, "manjano ya siku ya tatu nayajua. Haya ya siku ya kwanza siyapendi."

Tuda naye hakuyapenda. Miaka kumi na minne alikuwa ametumika katika maabara ya hospitali ya Aguni, mji mdogo uliokaa mgongoni mwa milima, na manjano ya siku ya kwanza alikuwa ameyaona mara nne tu. Watatu kati ya watoto hao wanne walizikwa. Aliziosha seli za mtoto kwa maji ya chumvi mara tatu, akadondosha dawa, akautia mrija kwenye mashine ya kuzungusha, kisha akauinamisha mbele ya taa. Damu ilikuwa imeshikamana chini kipande kimoja, kama maziwa yaliyoganda. Hapo hapakuwa na la kubishana. Seli za mtoto zilikuwa zimevikwa kingamwili za mama yake, na mwili ulikuwa unazibomoa moja baada ya nyingine.

Akachukua damu ya mama, akaigawa katika mirija miwili. Wa kwanza aliupima kwenye baridi ya chumba, na baridi ya chumba kile mwezi wa pili si haba. Wa pili aliuweka kwenye maji yenye joto la mwili, akasubiri, akauongezea dawa. Kila mtu wa maabara anajua kwa nini. Mwili ukikutana na mgeni kwa mara ya kwanza hutanguliza kingamwili za aina ya M, kubwa, zilizoungana tano tano, zenye fujo nyingi na maisha mafupi, na hizo hujionyesha hata kwenye baridi. Baadaye ndiyo huja aina ya G, ndogo, zinazotembea moja moja, kimya kimya, nazo hukaa miaka. Hizi hazijitokezi mpaka zipate joto na mtu wa kuzifichua.

Mrija wa baridi ulitikisika ukawa maji matupu. Mrija wa joto uliganda.

Hakukuwa na M. Kulikuwa na G peke yake, tena nyingi. Maana yake ugomvi huu haukuanzia kwa mtoto huyu. Mwili wa mama ulikuwa umeshaonja damu ya mtoto mwingine kabla yake, ukajifunza, ukatulia kungoja.

Tuda akaitafuta kadi ya kliniki kwenye sanduku. Itto, miaka ishirini na mitatu, kundi O hasi, mimba ya kwanza. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, na maneno "mimba ya kwanza" alikuwa ameyapigia mstari.

Aliikumbuka siku ile vizuri, na kadiri alivyoikumbuka ndivyo alivyozidi kufura. Itto alikaa kwenye kiti akiangalia sakafu. Pembeni yake alisimama mama mkwe, Yezza, ambaye kwa heshima ya kule huitwa Lalla, mwanamke mrefu mkavu mwenye joho la sufu la mistari, na kila swali lililomwendea Itto lilijibiwa na Lalla Yezza. Jina lake nani? Itto. Ana miaka mingapi? Ishirini na mitatu. Anaumwa kichwa? Haumwi. Amewahi kuharibikiwa na mimba? Hajawahi, hii ndiyo ya kwanza, andika. Na Tuda akaandika. Ndivyo mambo yalivyo kule milimani. Mke wa mwana akijijibia mwenyewe mbele ya mama mkwe wake anaambiwa hana haya. Na mimba iliyotoka haihesabiwi. Huzikwa pembeni ya ukuta kabla jua halijapanda na jina lake halitajwi tena, eti ukiitaja unamwita Tabaa, jini jike linalowafuata wazazi na kuwanyonga watoto wao.

Kisha kulikuwa na mkuu wa maabara, naye alikuwa na sheria yake. Dawa za kupima ni chache, kwa hiyo mimba ya kwanza haipimwi kingamwili. Tuda alinung'unika siku sheria hiyo ilipotoka, akanung'unika ya pili yake, halafu akaizoea. Kwa hiyo hasira zake asubuhi hiyo zilikuwa na watu watatu wa kuwaangukia, na wa tatu alikuwa yeye mwenyewe. Lakini huyo alimwahirisha. Aliishika kadi mkononi akaenda wodi ya wazazi kwa hatua za mtu anayekwenda kudai chake.

Lalla Yezza alikuwa ameketi kwenye benchi la korido kama mwenye nyumba. Mwanawe Moha, baba wa mtoto, alisimama karibu naye akiwa na kofia mkononi. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na Itto alionekana amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani.

"Lalla Yezza," alisema Tuda bila hata kusalimia, "Itto alikuwa na mimba nyingine kabla ya hii."

"Nani kakwambia?"

"Damu yake."

"Mimi nilidhani damu haina mdomo."

"Hii inao, tena haiogopi mama mkwe. Ilitoka lini?"

"Hakuna kilichotoka."

"Ilikuwa miezi minne," ilisema sauti kutoka kitandani. Itto alikuwa amegeuka. Ilikuwa mara ya kwanza Tuda kuisikia sauti yake. "Mwaka juzi, wakati tunavuna shayiri."

"Nyamaza wewe," alisema Lalla Yezza.

"Asinyamaze," alisema Tuda. "Kwa kunyamaza ndiyo tumefika hapa. Ulisimama mbele yangu na macho makavu ukanidanganya. Unajua ulichofanya? Iko sindano, Lalla. Moja tu. Wangemchoma siku zile zile mimba ilipotoka, ndani ya siku tatu, mwili wake usingejifunza kuwapiga watoto wake. Lakini nyie mlikuwa na haraka ya kuchimba shimo."

Mkunga alitoa kichwa mlangoni, akakirudisha. Moha alikuwa anaizungusha kofia vidoleni.

"Sindano inamzuia Tabaa?" aliuliza Lalla Yezza, naye hakuwa anatania.

"Hakuna Tabaa hapa."

"Hayo ni maneno ya mtu asiyewahi kuzika. Manjano yana dawa yake. Kijijini kuna mtu wa kuchanja, anapitisha wembe hapa, katikati ya nyusi, uchafu unatoka. Moha, mchukue mtoto twende kabla barabara ya kijijini nayo haijafungwa na theluji."

Tuda alihisi damu inampanda kichwani. "Mtoto ambaye damu yake inakwisha, unataka ukamtoe damu?"

"Ni matone mawili."

"Akivuka mlango ule naita polisi. Na wewe Moha, nakwambia hivi mbele ya mama yako ili usije ukasema hukusikia."

Moha alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, mwenye mabega ya kubeba mbuzi wawili. Aliangalia viatu vyake. "Mama ndiye anayeyajua mambo haya," alisema.

"Basi mwambie mama yako akusaidie na kuzaa."

Lalla Yezza alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Tuda kwa kichwa kizima. "Wewe binti, unapiga kelele kwa sababu ya mtoto. Tatizo si mtoto. Tatizo ni tumbo alilotoka. Lile linakula watoto, na mimi nimeshamwambia Moha: mtoto huyu akifa, mkewe anarudi kwao. Nimeshampigia shemeji yangu aje na gari amchukue. Sina tena nguvu za kuzika."

Aliyasema hayo bila kupunguza sauti, na Itto aliyasikia yote. Hakulia. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, akatulia kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoijua siku nyingi. Utulivu ule ndio uliomuudhi Tuda kuliko maneno yenyewe.

Daktari wa watoto, Kenza, alifika akiwa na karatasi ya vipimo. Alikuwa kijana aliyeletwa kutoka pwani mwaka ule, na baridi ilikuwa bado haijamzoea. Alisema mambo mawili tu. Mtoto awekwe chini ya taa ya buluu sasa hivi, na kabla ya jua kuzama abadilishiwe damu, itolewe ile iliyovikwa kingamwili na iingizwe nyingine, kidogo kidogo. La sivyo ile njano itapanda kwenye ubongo. Damu inayotakiwa ni O hasi.

"Tuna mifuko mingapi?" alimuuliza Tuda.

"Hatuna hata mmoja. Hospitali kubwa ya Meknes wanayo, nimeshawapigia. Lakini njia ya juu imefungwa tangu saa tatu, na gari la kufagia theluji wanasema kesho."

Wanasema kesho. Kila kitu cha watu wa milimani ni kesho. Tuda aliyameza hayo, akaanza kuuliza ndugu. Itto alikuwa na kaka, Assu, mwoka mikate hapo hapo mjini. Katika koo za bonde lile damu hasi si kitu cha ajabu, nyumba ya tatu hii nyumba ya nne ile unaipata. Mkunga akatumwa kumwita.

"Na mimi?" aliuliza Moha. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la maana siku hiyo. "Mimi ni baba yake."

"Wewe una damu chanya, nimeshaiona kwenye kadi. Mtoto kairithi kwako, na ndiyo hiyo mwili wa mama yake unaiona ngeni. Wewe kaa hapo ulipo."

Hapo ndipo Lalla Yezza alipopandisha mkono wa joho lake mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele ya Tuda.

"Pima na yangu."

"Wewe umri umepita, Lalla. Hatukutoi."

"Sikusema unitoe. Nimesema pima. Ya nyumba yetu ni safi. Iweke pembeni ya ya huyu, halafu uje hapa mbele ya watu wote useme ipi inakula watoto."

Wagonjwa wa kitanda cha pili na cha tatu walikuwa wameinuka kwa viwiko wasikose kitu. Tuda angepaswa kukataa. Alikuwa na kazi ya kufa na kupona mbele yake, na dawa za kupima ndizo hizo zinazohesabiwa tone kwa tone. Lakini alikuwa amekasirika, na aliyekasirika hajui kubana matumizi.

"Lete huo mkono," alisema.

Assu alifika na unga wa ngano kwenye nyusi, akalala kwenye kitanda cha watoaji hata kabla hajaambiwa. Kundi lake lilikuwa O hasi. Vipimo vya maradhi vilitoka safi, damu yake haikugombana na ya dada yake, na mfuko ukaanza kujaa taratibu. Tuda alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilibaki kama robo saa ya kusubiri, na mbele yake kwenye kishikio mrija wa Lalla Yezza ulikuwa umesimama wima.

Akaupima kundi kwanza. A hasi.

Tuda alicheka peke yake, kicheko kibaya. Kumbe bibi mwenye damu safi alikuwa hasi kama mke wa mwanawe. Aliona jinsi atakavyorudi koridoni kumwambia, na aliona uso wake atakapoambiwa, na picha hiyo ilimfurahisha kuliko ilivyostahili. Na kwa kuwa alishaanza, akaendelea. Akachukua majimaji ya ile damu, akayachanganya na seli chanya kwenye mirija miwili, mmoja wa baridi na mmoja wa joto.

Wa baridi haukuonyesha kitu.

Wa joto ukaganda.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba amechanganya mirija, ameupima tena wa Itto. Akaangalia jina. Akaangalia kundi: Itto ni O, hii ni A. Alirudia kipimo toka mwanzo, polepole, kama mwanafunzi anayesimamiwa na mwalimu. Ukaganda tena. Aina ya G, dhaifu kuliko za Itto lakini ipo, haina shaka. Lalla Yezza alikuwa na miaka sitini na saba. Kingamwili kama hizo mwanamke hazipati kwa baridi wala kwa chakula. Hazipati kwa macho ya watu. Huzipata kwa kuongezwa damu au kwa kubeba mtoto mwenye damu isiyo yake, na kule juu, enzi za ujana wa Yezza, hakukuwa na mtu aliyewahi kuongezwa damu.

Tuda alikaa kwenye kigoda. Hakucheka tena.

Kumbadilishia mtoto damu kulichukua muda kuanzia adhuhuri hadi baada ya alasiri. Daktari Kenza alitoa kijibomba kimoja cha damu, akaingiza kimoja, akatoa, akaingiza, mikono yake ikiwa imara kwa namna ambayo Tuda hakuitegemea kwa mtu wa pwani. Tuda alisimama karibu akipima kila nusu saa. Saa kumi na moja njano ilikuwa imeshuka, na mtoto alipiga kelele za njaa ambazo zilisikika mpaka jikoni.

Mkunga alimpeleka kwa mama yake. Itto alimpokea, lakini hakufungua kifua.

"Mama mkwe kasema nisimnyonyeshe," alinong'ona. "Kasema kama damu yangu ni sumu, na maziwa ni hivyo hivyo. Ni kweli?"

"Si kweli," alisema Tuda. Akaketi kitandani, jambo lililokatazwa hospitalini. "Sikiliza. Mwili una kingamwili za aina nyingi, si moja. Zile M ni pana, haziwezi kupita kwenye kondo, zinabaki kwako. Ziko E, kazi yake ni minyoo, na ukikosa minyoo zinakupigisha chafya vumbi la ngano likipita. Inayopita kwenda kwa mtoto tumboni ni G peke yake. Umeumbwa hivyo ili umpe kinga ya surua na mengine mpaka ajitegemee. Ni zawadi. Hii moja tu ndiyo iliyokosea mlango, kwa sababu hakuna aliyekupa sindano. Haikuwa kosa lako."

"Na maziwa?"

"Maziwa yana A. Hizo hazigombani na damu, zinapaka tumbo lake ndani lisishikwe na kuhara. Haya ya mwanzo, mazito, ndiyo yenye nyingi. Mnyonyeshe. Akikuuliza mtu, sema kaniambia Tuda."

Itto alifungua kifua. Mtoto alishika mara moja, kwa pupa, na Itto akashtuka kwa maumivu akacheka.

Lalla Yezza alikuwa bado koridoni, kwenye benchi lile lile. Hakula wala hakunywa chai aliyoletewa. Moha alikuwa ametoka nje kupokea simu. Tuda alikaa kando yake. Maneno aliyoyapanga asubuhi yalikuwa bado kichwani, makali kama alivyoyaacha, lakini hakujua tena pa kuyaelekeza.

"Moha ni mtoto wako wa ngapi?" aliuliza.

"Wa kwanza. Na ni wa kwanza kweli, huyu sikudanganyi."

"Baada yake?"

"Tamimunt. Yuko kwa mumewe, Khenifra."

"Na kati yao?"

Lalla Yezza aliushusha mkono wa joho lake ukafunika vidole. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu uliniambia nipime, nikapima."

Mhudumu alipita na ndoo. Alipokwisha kupita, Lalla Yezza alisema, "Wawili kati yao. Wawili baada ya Tamimunt."

"Walikuwa manjano?"

"Wote wanne. Mmoja alifika siku ya tano." Ilikuwa sauti ya mtu anayetaja mifugo. "Mama mkwe wangu alisema ninaye Tabaa. Nikaogeshwa maji ya mhunzi, yale anayozimia chuma, mara saba, tena wakati wa barafu. Nikalazwa na mbuzi siku arobaini. Mume wangu akaoa mwingine, akaniambia nishukuru hakuniacha. Toka hapo wanawake wa kijiji wakiniona napita wanawafunika watoto wao kwa shuka. Mpaka leo. Mpaka juzi, kwenye harusi. Mimi nina miaka sitini na saba na wananifunikia watoto."

Tuda alimsogezea chai iliyopoa.

"Na wembe," alisema Lalla Yezza. "Wote wanne walichanjwa. Mimi ndiye niliyewashika kichwa."

"Lalla," alisema Tuda. "Wewe una damu hasi, kama Itto. Marehemu mumeo alikuwa na chanya, ndiyo aliyonayo Moha. Moha alipozaliwa, damu yake kidogo iliingia kwako, mwili wako ukaiona ngeni, ukatengeneza kingamwili. Ziliwapata wale wanne. Tamimunt hazikumpata kwa sababu yeye alichukua damu yako. Ni hivyo tu. Hazijaondoka, nimeziona leo kwenye mrija, miaka yote hii. Hukuwa na Tabaa. Wewe hukumla mtu."

Alitegemea machozi. Alikuwa ameshaandaa mkono wa kumshika bega. Lakini Lalla Yezza alimgeukia na macho yaliyowaka, na Tuda akauondoa mkono.

"Hiyo sindano uliyonipigia kelele asubuhi. Ilianza lini?"

Tuda angeweza kudanganya. Siku hiyo uongo ulikuwa umemchosha.

"Kabla Moha hajazaliwa."

"Kabla."

"Miaka mingi kabla."

"Kwa hiyo ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Rabat, Meknes. Huku juu haikuletwa. Huku ndiyo tumeanza kuipata juzi juzi, tena kwa kuhesabiwa."

"Meknes," alisema Lalla Yezza. Alilisema neno hilo kama mtu anayetema kokwa. "Mume wangu alikwenda Meknes kila masika kuuza sufu. Kila masika, wewe. Alirudi na sukari, na viatu, na kioo cha yule mke mwingine. Ilikuwa huko, dukani, kwenye chupa, na mimi nimelala na mbuzi. Hakuna hata mtu mmoja aliyepanda mlima kuja kuniambia. Watu wa serikali walipanda kuhesabu kondoo. Walipanda kutafuta vijana wa jeshi. Njia waliijua."

"Waliijua," alisema Tuda. Na akaongeza, kwa kuwa haki ilimbana, "Hata mimi nilipaswa kumpima Itto. Niliambiwa nisipime mimba ya kwanza, nikatii."

Lalla Yezza alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Basi na wewe huna haya," alisema.

"Ndiyo, Lalla."

Moha aliingia akikung'uta theluji mabegani, simu mkononi. Alisimama mbele ya mama yake kama anayesubiri ruhusa ya kupumua. "Ni ami," alisema. "Anasema gari limepatikana. Anauliza kama kesho njia ikifunguliwa aje amchukue Itto ampeleke kwao, kama ulivyosema. Nimwambie nini?"

"Wewe ungemwambia nini?" aliuliza mama yake.

Moha alifungua mdomo, akaufunga.

"Ndiyo maana nakuuliza. Miaka thelathini na sita sijawahi kukusikia ukisema jambo, na aliyekulea hivyo ni mimi." Akampokonya simu. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama washikavyo wazee, na maneno yake yakafika mpaka mwisho wa wodi.

"Ni mimi, Yezza. Sikiliza, usinikate. Mtoto yuko hai, ananyonya. Hakuna anayerudishwa kwao. Atakayetaka kumtoa Itto nyumbani kwangu aanze kunitoa mimi, maana damu yake na yangu ni moja, imepimwa hapa leo, na wale wanne hawakuliwa na jini. Waliuawa na ujinga wenu na wangu, na watu wa Meknes. Ndiyo, na wangu, umesikia vizuri." Akasikiliza jibu. Uso wake ulibadilika, ukawa mgumu zaidi. "Sasa niambie, binti yako Tlaytmas ana mimba ya miezi mingapi? Mitano. Na ile ya kwanza iliyotoka, mmesema nini kliniki? Usiniambie hakukuwa na ya kwanza. Niliizika mimi, kwa mikono yangu, nyuma ya ghala lako. Gari si umeshalipata? Basi kesho njia ikifunguliwa mtie ndani umlete hapa wampime. Na mama mkwe wake abaki nyumbani."